Tisa Hadi Moja: Kuandika Programu Kwenye Mji wa Malori

Mai Mahiu ni Kikuyu, maana yake maji moto. Unashuka ukuta wa Bonde la Ufa, unapita lile kanisa dogo kando ya barabara lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, kisha unafika chini penye njia panda. Barabara moja inaelekea Naivasha, Nakuru na mipaka ya Uganda. Nyingine inakwenda Narok. Katikati ya njia panda hiyo kuna malori, mafundi wa tairi, nyama choma, chai na vumbi. Na kuna mimi, ninayeandika programu za kompyuta kwenye chumba kilicho juu ya duka la spea.

Madereva wakinikuta kwenye kibanda cha chai na laptopu hawakosi neno. "Injinia, hiyo gari yako inabeba tani ngapi?" Nami huwajibu kwamba inabeba mizigo ya watu elfu kadhaa bila kupimwa kwenye mizani. Wanacheka, tunaagiza chai.

Wapo wanaodhani teknolojia ni jambo la Nairobi. Lakini kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, hapa hapa bondeni, na kupitia sahani zake simu za Kenya zilianza kwenda ng'ambo kwa njia ya setilaiti. Kwa hiyo bonde hili lilikuwa likiongea na dunia kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Haya, tuhesabu kurudi nyuma, kuanzia kitu kidogo hadi kile ambacho bila hicho siwezi kusema nimefanya kazi. Mpangilio ni wangu. Ukiwa na wako, njoo tubishane, chai nalipa mimi.

9. Kiti

Kabla hujanunua laptopu mpya, nunua kiti. Changu kilitengenezwa na seremala wa hapa mjini, akanipima goti na kiwiko kama fundi wa suti. Mgongo haupakuliwi upya.

Dereva mmoja wa masafa marefu alikikalia, akatikisa kichwa: "Hiki ni sawa. Mtu anayekaa siku nzima na kiti kibovu anaiba miaka yake mwenyewe." Yeye alikuwa amekaa tangu Mombasa. Hakuna daktari ninayemwamini kuliko huyo.

8. Brashi ya rangi

Ile ya inchi moja, ya kupakia rangi madirisha. Vumbi la Mai Mahiu ni laini kama unga na linaingia kila penye upenyo. Jumamosi asubuhi nazima mashine, nainamisha kibodi, napiga mswaki kila kitufe. Dakika tano, basi.

Na vumbi likiisha kuna jua: nyinyi mnaokesha mkibishana kama skrini iwe na mandharinyuma meusi au meupe, njooni hapa saa saba mchana jua likiwa limeingia dirishani. Fungueni hiyo nyeusi yenu, kisha mniambie mnasoma nini zaidi ya sura zenu.

7. Kihariri kimoja, hadi vidole vikijue

Kihariri ni ile programu tunayoandikia programu nyingine. Wenzangu hugombana juu ya vihariri kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, na sina nia ya kuwasuluhisha. Mimi ni wa Vim. Ni nyepesi, inakimbia kwenye mashine kuukuu, na naweza kuitumia kwenye seva iliyo mbali hata mtandao ukiwa unavuta miguu.

Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Ukiiwasha Vim bila kufungua faili, inakuletea maneno machache katikati ya skrini, na kati ya maneno hayo mara nyingi kuna ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994 kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi. Alikaa mwaka mmoja. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kukichangia kituo cha watoto cha Kibaale, akaifanya Vim kuwa programu ya bure yenye ombi moja: ukinufaika nayo, wakumbuke watoto wale. Aliendelea kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023.

Fikiria basi. Mwandishi wa programu aliyeko Tokyo au Toronto, anapoiwasha bila faili, mara nyingi anakutana na jina la Uganda. Na malori yanayopita chini ya dirisha langu yanaelekea huko huko.

Nilimsimulia utingo mmoja habari hii tukisubiri chapati. Akauliza, "Yaani alitengeneza kitu, dunia nzima inakitumia, halafu akasema pesa wapewe watoto?"

"Ndiyo."

"Huyo alikuwa mtu."

Chagua kihariri chako, chochote kile, kisha kaa nacho miaka. Dereva hatafuti gia kwa macho.

6. Betri, na miongozo iliyoshushwa mapema

Ng'ambo ya Mlima Longonot, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna Olkaria. Mtambo wake wa kwanza wa kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka 1981 ukitoa megawati 15. Tunaishi jirani na joto linalowasha nchi. Hata hivyo stima hupotea, na ikipotea haimuulizi mtu kama amehifadhi faili yake. Tarehe 25 Agosti 2023, usiku wa Ijumaa, karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi.

Desturi yangu ni ya Jumapili jioni. Nachaji betri ya akiba, naangalia salio la bando, kisha nashusha kwenye mashine miongozo yote ya lugha za programu na vifaa nitakavyotumia wiki hiyo. Mtandao ukikatika Jumanne, naendelea kusoma na kuandika kama aliye maktabani. Nimegundua hata mtandao ukiwepo nasoma muongozo kwa utulivu zaidi, kwa sababu jibu la haraka la mtu nisiyemjua halinivuti mkono.

"Tangi hujazwa kabla ya kushuka ukuta," ananiambia mzee wa malori, "si ukiwa umeshakwama Suswa."

5. Saa, iandikwe kwa maneno

Hapa naomba tukae kidogo, maana hili ni letu na hakuna atakayetutatulia.

Kiswahili kinahesabu saa tangu jua linapochomoza. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo ina akili kamili: saa moja asubuhi jua limetoka, saa kumi na mbili jioni linaaga. Kompyuta haikufundishwa hivyo. Yenyewe huanza kuhesabu usiku wa manane. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la saa sita, na ndani ya pengo hilo watu hupotezana.

Niliwahi kutengeneza kikumbusho cha ujumbe mfupi kwa ajili ya chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ujumbe ulisema: "Mkutano kesho saa 9:00." Nusu ya wanachama walifika asubuhi, wamesoma namba kama inavyoonekana kwenye simu. Nusu nyingine walifika alasiri, maana kwa Kiswahili saa tisa ni alasiri. Wote walikuwa sahihi. Mwenyekiti alinishika bega, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, saa haina kosa. Iambie tu iseme ni ya asubuhi ama ya mchana."

Tangu siku hiyo programu zangu zote zinazosema Kiswahili huandika saa kwa maneno: saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri. Hakuna tarakimu peke yake. Ni mistari michache tu ya kuandika, na chama kile hakijapotezana tena.

Kuna pengo jingine, la nchi na nchi. Ndani ya karibu kila simu na kompyuta kuna orodha ya majira ya dunia ambayo wanaprogramu wameitunza tangu miaka ya 1980, na humo ndani tumeandikwa "Africa/Nairobi". Nimewahi kuifungua na kusoma historia yetu. Inakumbuka kwamba Kenya iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Hizo arobaini na tano zilinifurahisha kuliko habari yoyote wiki ile. Leo ni saa tatu kamili, mwaka mzima, na hatuzisogezi. Ujerumani wanazisogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mteja wa Berlin aliye nyuma yangu kwa saa mbili wakati wa baridi anakuwa nyuma kwa saa moja kiangazi. Ndiyo maana nahifadhi kila tukio kwa saa ya dunia, kisha namwonyesha kila mtu kwa saa ya kwake.

Ukiambiwa "tukutane saa tatu" na mtu usiyemjua vizuri, uliza: ya nani?

4. Beseni la fundi wa tairi

Fundi wa chini ya dirisha langu akiletewa mpira wa ndani wenye pancha isiyoonekana hapapasi kila mahali. Anaujaza upepo, anauzamisha kwenye beseni la maji kipande kimoja, anazungusha, anatazama. Povu likitoka, amefika. "Povu halidanganyi," husema.

Hivyo ndivyo hitilafu ya programu inavyotafutwa, na wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunakisia. Tunabadilisha hiki, tunabadilisha kile, tunaomba Mungu. Ilhali kuna njia ya beseni: chukua siku ambayo programu ilikuwa nzima na siku ambayo imeharibika, jaribu ya katikati. Kama katikati ni nzima, ubovu uko nusu ya pili. Gawa tena. Mabadiliko elfu moja unayamaliza kwa majaribio yapatayo kumi. Git, chombo tunachohifadhia mabadiliko ya programu, ina amri ya kazi hiyo hiyo, na bado nakutana na watu wenye miaka mitano kazini ambao hawajaigusa.

Nilimweleza fundi. Akaninyooshea spana: "Kwa hiyo hata kompyuta inapata pancha?"

"Kila wiki."

"Basi ungeniuliza mapema."

Na beseni lisiposaidia, eleza kwa sauti. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, wanasimulia kuhusu kumweka bata wa mpira mezani na kumweleza programu yako mstari kwa mstari, hadi kosa lijitokeze lenyewe. Mimi sina bata. Nina mama wa chai. Siku moja nilikuwa namweleza jinsi programu yangu inavyogawa faida ya chama, akakatiza huku akimimina: "Na kama mwezi huo hakuna aliyeweka, unagawa nini?" Nilirudi juu mbio na chai mkononi. Kosa lilikuwa hapo hapo. Bata hajawahi kuuliza swali.

3. Gia ya kushukia

Git yenyewe ilizaliwa kwa dharura. Aprili 2005, waandishi wa kiini cha Linux walikuwa wamepoteza ruhusa ya kutumia bure chombo chao cha kuhifadhia mabadiliko, na Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, akaamua kutengeneza kingine. Alianza tarehe 3, na kufikia tarehe 7 Git ilikuwa inahifadhi msimbo wake yenyewe. Siku nne. Leo ni vigumu kumpata mwandishi wa programu asiyeitumia.

Hata hivyo Git haikusaidii kama unahifadhi mara moja kwa wiki na kuandika "nimerekebisha" halafu ukaondoka. Umerekebisha nini? Kwa nini? Hifadhi kidogo kidogo, na kila hatua iandikie sentensi ambayo mtu wa mwaka ujao ataielewa. Mimi huandika zangu kwa Kiswahili ninapofanya kazi na wenzangu wa hapa, na nimeona wanaandika mengi zaidi tangu tulipokubaliana hivyo. Mtu hueleza vizuri kwa lugha anayogombania nauli.

Sasa, kushuka. Malori yanayoteremka ukuta huu hayategemei breki peke yake, kwani breki zikipata moto hazishiki tena. Madereva wana kanuni ya zamani: gia ambayo ungepandia mlima huu ndiyo ya kushukia. Kuwaachilia watumiaji toleo jipya ni kuteremka. Kwa hiyo natoa kwa watu wachache kwanza, natazama, naongeza. Na Ijumaa jioni sitoi kitu.

"Hata kama mteja amekupigia kelele?" aliniuliza kijana mmoja anayejifunza kazi kwangu.

Aliyemjibu ni dereva wa meza ya pili pale kibandani: "Mwenye mzigo hupiga kelele akiwa ofisini. Mlima uko na wewe."

2. Kusoma maonyo

Hapa sitanii.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe, mfereji wa chini yake ukiwa umezibwa na takataka, yalipasua njia na kushuka juu ya kijiji cha Kamuchiri, hapa Mai Mahiu. Makumi ya watu walifariki wakiwa wamelala. Nyumba, magari na miti vilisombwa hadi chini. Mji huu haujasahau na hautasahau.

Silinganishi programu na uhai wa watu. Ninachosema ni kwamba asubuhi ile ilibadilisha namna ninavyofanya kazi. Kila programu inayokimbia huandika kumbukumbu zake, na humo huweka maonyo: nafasi inakwisha, foleni inarefuka, ombi limechelewa. Hakuna kilichoharibika bado, kwa hiyo hakuna anayesoma. Mimi pia nilikuwa nayapita. Sasa nayasoma kila asubuhi kabla ya kuandika mstari wowote mpya, na onyo linalojirudia siku ya tatu nalishughulikia siku hiyo hiyo. Mfereji huzibuliwa wakati wa kiangazi.

Na kama programu unayoandika ni ya kuwapelekea watu tahadhari, iwe ya mafuriko, ya dawa au ya barabara, naomba uichukulie kwa uzito wote ulio nao.

1. Mulika mwizi

Namba moja si laptopu. Ni simu ndogo ya vitufe yenye tochi kichwani, ile tunayoiita mulika mwizi, na iko mezani pangu kulia mwa kibodi.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi kwenye vifaa vya bei ya chini kabisa. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyoifikisha kwa mchuuzi na mchungaji. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi na Naivasha na Nakuru zikiwa miongoni mwa palipoumia, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia, Erik Hersman na wenzao waliunda kwa siku chache tu mfumo uliopokea taarifa za mashahidi, zikiwemo za ujumbe mfupi, na kuziweka kwenye ramani. Wakauita Ushahidi. Miaka miwili baadaye ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kilichosafiri hadi Haiti kilianzia kwenye swali la Kikenya: mwenye simu ndogo atasemaje alichokiona?

Kwa hiyo kila ninachoandika lazima kipite kwenye mulika mwizi. Menyu zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli hubeba herufi 182 kwa ukurasa. Ujumbe mfupi ni herufi 160. Ukibanwa hapo, maneno ya ziada huanguka yenyewe. "Tafadhali chagua mojawapo ya huduma zifuatazo" inakuwa "Chagua:". Na menyu haikusubiri, ukichelewa kujibu inajifunga, kwa hiyo swali gumu haliwezi kuwekwa mbele ya swali jepesi. Nimejifunza kuandika Kiswahili kifupi na safi kwenye simu hii kuliko nilivyojifunza darasani.

Mazoezi yangu ni haya. Nikimaliza sehemu, nashuka ngazi, nampa mama wa chai simu, namwomba aweke shilingi mia kwenye akaunti ya majaribio. Simwelekezi. Akisita kwenye ukurasa wa pili, ukurasa wa pili ni mbovu, hata kama vipimo vyangu vyote vimepita. Majuzi alisita, akanitazama juu ya miwani: "Hapa unaniuliza namba. Namba gani? Nina ya simu, ya kitambulisho na ya duka." Niliongeza neno moja. Siku iliyofuata alimaliza kabla maziwa hayajachemka.

Wewe unayeandika programu, popote ulipo, tafuta mulika mwizi, uweke laini. Kesho asubuhi mpe mtu ambaye hajawahi kuona kazi yako, kaa karibu naye, unyamaze, umtazame anavyoitumia.